Kutoka Nyali hadi Shanzu kwa miguu: mwongozo kamili wa kuwatafuta wageni wa bahari ya barafu

Kuna watu wanaolipa mamilioni ya pesa kwenda Antaktika kutazama siwa barafu, ile milima ya barafu inayokatika na kuelea baharini, na nyangumi wanaopumua kando yake. Sisi wa Mombasa barafu hiyo hatuna. Lakini nyangumi hao hao, wale wenye nundu, kila mwaka huiacha bahari ya barafu wakaja kwenye maji yetu ya vuguvugu kuzaa na kutafuta wenza. Hupita mbele ya Nyali, Bamburi na Shanzu kati ya Julai na Oktoba, na wengi wetu tumezaliwa hapa, tumekulia hapa, bila kuwaona hata mara moja. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapita miaka thelathini nilipomwona wa kwanza.

Njia ninayoieleza ina urefu wa kilomita 12 hivi. Haina mlima na haitaki hema. Ugumu wake ni mmoja tu: ipo kwa saa chache, kisha bahari inaifunika. Ukishalielewa hilo, mengine ni mepesi, kwa hiyo habari ya maji nitaieleza kwa urefu na mengine nitayapitia haraka.

Hesabu mwezi kwanza

Mara ya kwanza nilitoka nyumbani Jumamosi kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Nilifika Bamburi saa nane mchana, nikakuta ukuta wa hoteli mbele yangu na maji ya kiuno yakiupiga na kurudi. Nikadhani nitawahi kupita baina ya wimbi na wimbi. La tatu lilinibamiza ukutani. Simu ilikwenda na maji, kiwiko kikachunika hadi nyama ikaonekana. Aliyenipa mkono ni mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za mawe na pweza wake wawili kwenye kijiti, akingoja watu wa kumnunua. Nikamwamkia, akaitika, kisha akaniuliza, "Mwanangu, leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kalenda. Akatikisa kichwa. "Sikuulizi hiyo. Mwezi wa juu una siku ngapi?"

Hiyo ndiyo hesabu ya wavuvi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, jua, mwezi na dunia hukaa mstari mmoja, na mvuto wa jua huongezeka juu ya ule wa mwezi. Hapo maji huwa ya bamvua: hupwa mbali kabisa na kujaa juu kabisa. Mombasa, tofauti baina ya kupwa na kujaa siku za bamvua hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta upande wake na mwezi upande wake, na maji hayapwi sana wala hayajai sana. Hayo ni maji mafu, na kwa safari hii hayafai, kwa sababu mwamba haufunuki vya kutosha na sehemu zenye kuta za hoteli hazikauki.

Basi chagua siku ambayo mwezi ni wa siku ya 1 hadi ya 4, au ya 15 hadi ya 18. Kwetu hapa, siku hizo maji huishia kupwa baina ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 40 hadi 50. Ukishaipata siku, ihakikishe kwenye jedwali la maji la Kilindini, ambalo siku hizi hata kwenye simu lipo. Angalia jedwali linatumia saa zipi. Mtu akisoma 10:30 akaichukulia kuwa saa kumi na nusu ya Kiswahili atafika ufuoni bahari imejaa.

Jambo la pili ambalo mzee yule alinifundisha, akichora mchangani kwa kidole, ni kwamba maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Yanachukua saa sita na kidogo kujaa. Yagawe mafungu kumi na mawili. Katika saa ya kwanza huja fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya mwisho moja. Maana yake nusu ya bahari hurudi ndani ya saa mbili za katikati. Mtu hudanganyika na ile saa ya kwanza. Anaona maji yametulia, anaendelea kuchungulia madimbwi, na akiinua kichwa nyuma yake pana mfereji. Kama maji yanaisha kupwa saa nne na nusu, chukulia kwamba kuanzia saa sita na nusu bahari iko mbioni, na ujipange uwe umeshavuka kuta zote kabla ya hapo.

Msimu

Agosti na Septemba ndizo za nyangumi. Kusi huwa bado inavuma, hasa Agosti, na bahari ya nje huwa imejaa mapovu meupe yanayomchosha mtazamaji. Kuanzia mwisho wa Septemba upepo hulegea, matlai, ule upepo wa mashariki, huanza, na hapo ndipo ninapopapenda kuliko wakati wowote: nyangumi wa mwisho bado wapo na ndege wa kwanza wa kaskazini wameshafika. Wakati wa masika usiende. Maji huwa ya matope, mifereji ya mvua humwaga uchafu wa mji ufuoni, na mwani hurundikana hadi magotini.

Wakati wa kaskazi nyangumi hayupo, lakini ni msimu wa papa shilingi, yule papa mkubwa kuliko samaki wote, mwenye madoa meupe mgongoni. Wazee wa pwani husimulia kwamba Mungu alipomaliza kumwumba alifurahi mno akawapa malaika sarafu wamrushie kutoka mbinguni, zikamganda mgongoni. Ila huyo huwezi kumwona kutoka nchi kavu. Panahitaji chombo.

Vitu vya kubeba

Viatu ndivyo jambo kubwa. Vaa raba kuukuu zenye soli ngumu, zile usizojali zikilowa. Malapa huchomoka kwenye matope, na miguu mitupu kwenye mwamba ni kujitakia madhara. Maji ya kunywa beba lita 2 au 3 kwa kila mtu. Kofia, leso ya kujifunika shingo na mabega, darubini hata ikiwa ndogo, daftari na kalamu ndani ya mfuko wa plastiki, kibano cha kutolea miiba, dawa ya kidonda na kitambaa cha kufungia.

Kisha chukua chupa ya chai. Siibebi kwa ajili ya chai peke yake. Sumu ya samaki wengi wa mwambani, akiwemo yule anayefanana na jiwe, na sumu ya mwiba wa taa, hupungua makali kwa joto. Aliyechomwa anatumbukizwa mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa saa moja hadi moja na nusu, huku akipelekwa hospitali. Ufuoni maji ya moto hayapatikani haraka, kwa hiyo ninabeba chupa mbili, moja ya chai na moja ya maji matupu ya moto. Ukiyatumia, yachanganye kwanza na ya baridi, uyajaribu kwa mkono wako mzima, kwa sababu mguu uliotiwa sumu hauwezi tena kupima joto.

Chakula hakisumbui. Mahamri na mbaazi za asubuhi, na njiani, kwenye ufuo wa Kenyatta, utapata muhogo wa kukaanga, viazi karai na madafu.

Nenda na watu wawili au zaidi, na mwambie mtu wa nyumbani saa unayotarajia kurudi. Kuna vipande vya ufuo vilivyo kimya sana siku za kazi, na si vyema kuvipita peke yako na darubini shingoni.

Kuanza: majabali ya Nyali

Kutoka mjini vuka Daraja la Nyali kwa matatu, kisha tuktuk au bodaboda hadi upande wa kusini wa ufuo wa Nyali, palipo na majabali. Uwe mchangani saa mbili asubuhi, maji yakiwa bado yanashuka. Ukielekea kaskazini wakati wa kusi, upepo utakusukuma mgongoni safari nzima. Ukielekea kusini utakula mchanga.

Kabla ya kuanza, liguse jabali. Ni matumbawe yaliyokufa, yaliyoota hapo wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo, zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati barafu ya dunia ilikuwa imeyeyuka kupita sasa. Ukitazama kwa karibu utaona bado yale maumbo kama ubongo na kama mapande ya asali. Barafu ya mbali ndiyo iliyoamua urefu wa bahari yetu, na bahari ikaacha alama ukutani. Jiwe la aina hiyo ndilo lililojengea Mji wa Kale na Fort Jesus.

Shika ukanda wa mchanga mgumu uliotoka majini punde. Ule mkavu wa juu unachosha mara mbili.

Mwambani

Kuanzia saa tatu na nusu hivi, maji yakishapwa vya kutosha, toka mchangani uingie kwenye mwamba. Kumbuka uko kwenye hifadhi: Mbuga ya Bahari ya Mombasa ilianzishwa 1986, na eneo la hifadhi linaloizunguka ni kubwa zaidi. Ndani ya mbuga hakuna kuvua wala kuokota. Kwenda kwa mashua hadi kwenye matumbawe hulipiwa ada kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na malipo ni ya mtandaoni, kwa hiyo ulizia kabla ya kuondoka nyumbani.

Kanyaga mchanga na mwamba mtupu. Usikanyage matumbawe yaliyo hai, wala usipitishe mguu ovyo kwenye majani ya bahari, kwa sababu humo ndimo anamojificha yule samaki-jiwe. Buruta mguu polepole badala ya kuuinua na kuutua. Taa akilala mchangani atakusikia akaondoka.

Kisha tafuta dimbwi moja na ukae. Hili ndilo nimelijifunza kwa kuchelewa: wanaopita madimbwi hamsini huona machache kuliko anayekaa kwenye moja. Chuchumaa upande ambao kivuli chako hakiangukii majini, nyamaza dakika kumi. Dakika mbili za kwanza ni maji matupu. Kisha jiwe moja dogo linatembea, kumbe ni kaa ndani ya ganda la konokono. Unaona miiba mirefu myeusi ikielekea ulipo, maana mnyama mwenye miiba hiyo amehisi kivuli. Kiti cha pweza, yule mnyama wa umbo la nyota, chekundu, kinasogea kwa upana wa unyasi. Siku moja nilitazama shimo lisilopita upana wa kikombe kwa robo saa, na ukingoni mwa shimo maganda ya kaa yalikuwa yamepangwa kama takataka za jikoni. Hatimaye jicho likainuka, la mlalo, likanitazama, na ngozi iliyolizunguka ikageuka kutoka rangi ya mchanga hadi rangi ya udongo na kurudi, mara mbili, kabla ya pweza kujivuta ndani. Sikumgusa. Nilirudi wiki mbili baadaye, bamvua nyingine, nikamkuta pale pale.

Usiinue kiti cha pweza kwa ajili ya picha; hupumua majini. Ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa, maana waliokaa chini yake hufa kwa jua. Konokono mwenye ganda la umbo la pia, zuri, lenye michoro, usimshike kabisa: ana mshale wenye sumu inayoweza kuua mtu. Na magamba yanayouzwa ufuoni usiyanunue, kwani mengi yalitolewa yakiwa na wenyewe ndani.

Ukiona mchangani alama pana kama za tairi la trekta zikipanda kutoka majini, ni kasa aliyekuja kutaga usiku. Hutaga mayai mia moja na zaidi, nayo hukaa mchangani kama miezi miwili. Usikanyage pale juu, usichimbue, mjulishe mlinzi wa wanyamapori.

Ndege

Ukienda Oktoba au baadaye, tazama kwenye ukingo wa maji yanayopwa. Vile vikundi vya ndege wadogo wa kijivu vinavyokimbia mbele ya wimbi na kurudi nyuma yake, vitwitwi, wengi wametoka Siberia, kwenye nchi ya theluji iliyo kaskazini kabisa. Mmoja ana uzito wa gramu 60 hivi. Sululu ndiye mkubwa mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, anaoutumbukiza kwenye mashimo ya kaa. Wamekuja kujaza mafuta mwilini ili warudi kwao kuzaa Juni na Julai. Kila ukiwafukuza waruke wanapoteza sehemu ya akiba hiyo, kwa hiyo wapite kwa mbali, na watoto waelezwe sababu. Yangeyange na kulasitara ni wenyeji, hao hukaa mwaka mzima.

Kenyatta, na kuta

Ufuo wa umma wa Kenyatta ni mahali pa kupumzika, kunywa dafu na kujaza maji. Mwisho wa wiki hujaa watu. Usikae zaidi ya nusu saa. Mbele yako ndipo penye kuta za hoteli zilizojengwa hadi kwenye ukingo wa bahari, na maji yakishajaa hapapitiki. Nilikoumia ni huko. Kabla ya kuingia kila kipande, tafuta kwa macho ngazi au kichochoro cha kutokea, na ukikuta mstari wa maji umeshagusa ukuta, panda juu ukafuate barabara. Hakuna aibu yoyote katika hilo.

Wenye watoto waliochoka waishie hapa, wavuke barabara kuu waende Haller Park, yaliyokuwa machimbo ya mawe ya kutengenezea saruji kabla ya kupandwa mivinje na kugeuzwa msitu.

Ufikapo Shanzu, njia inaishia kwenye mawe karibu na mlango wa Mkondo wa Mtwapa. Usijaribu kuuvuka kwa miguu wala kwa kuogelea. Maji hupita pale kwa nguvu. Ng'ambo yake kuna magofu ya Jumba la Mtwana, mji wa Waswahili wa karne ya 14, lakini hayo yanafikiwa kwa barabara, kupitia daraja.

Kumtafuta nyangumi

Watu wengi hutafuta asubuhi, jua likiwa machoni mwao, wakakata tamaa. Pwani yetu inatazama mashariki. Kuanzia saa tisa alasiri jua huwa nyuma yako na bahari ya nje hung'aa vizuri. Kwa hiyo nimeupanga mwendo wote huu ili ufike Shanzu saa saba, ule, upumzike, kisha upande mahali pa juu: jabali, au baraza ya mkahawa utakaokuruhusu kukaa ukinunua chai. Kila mita unayopanda inaongeza umbali unaoonekana.

Weka darubini chini. Tazama kwa macho matupu nje ya mwamba, nyuma ya mstari wa mawimbi yanayovunjika, ukipitisha macho polepole kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi. Unachotafuta ni pumzi: moshi mweupe, mnene, unaosimama mita 3 hivi kisha unapeperuka. Povu la wimbi hulala, pumzi husimama. Ukiiona, mwonyeshe mwenzako kwa kitu kisichosogea, kama mnazi au boya, ndipo uinue darubini. Akizama, ngoja. Anaweza kukaa chini dakika kumi na tano. Watu hufunga mizigo dakika ya kumi.

Mkubwa hufikia mita 12 hadi 16. Mapezi yake ya mbele, marefu karibu theluthi moja ya mwili, humtambulisha akiyapiga juu ya maji. Ukiona mgongo mkubwa na mdogo vikipanda pamoja, ni mama na mtoto. Mama huyo ametoka umbali unaopita kilomita 6,000. Kule kusini alikuwa akila uduvi, si huu wetu wa kukaanga, bali uduvi wa Antaktika wa sentimita 6, ambao wakiwa wachanga hujilisha mimea midogo inayoota chini ya barafu ya bahari. Siwa barafu nalo likiyeyuka huachia vumbi la chuma linaloirutubisha mimea kama hiyo. Huku kwetu mama hali karibu chochote. Ananyonyesha kwa mafuta aliyoyajaza kule. Maziwa anayonyonya mtoto yule mbele ya Shanzu yametoka kwenye barafu, na kule barafu ikipungua uduvi hupungua, na habari hiyo itafika hapa bila kutangazwa na mtu.

Waliwahi kuwindwa hadi karibu waishe. Marufuku ya kimataifa ya kuwinda nyangumi wa aina zote kibiashara ilianza kutumika 1986, mwaka ule ule mbuga yetu ya bahari ilipoanzishwa.

Ukitaka kuwakaribia kwa mashua, patana bei kabla, hakikisha kila mtu ana jaketi la kuelea, na mwambie nahodha wazi kwamba hamtaki kukaribia chini ya mita 100, wala kumfukuza, wala kuingia kati ya mama na mtoto. Nahodha akicheka, tafuta mwingine.

Kuandika na kurudi

Matatu za kurudi mjini ziko barabara kuu, tuktuk hukufikisha hapo kutoka Shanzu. Ila kabla ya kuondoka jabalini andika: tarehe, siku ya mwezi wa juu, saa, ulipokuwa, wangapi, wakielekea wapi, upepo gani. Watafiti wa nyangumi na pomboo wa pwani ya Kenya hutegemea sana walioona kwa macho, na mstari mmoja wenye saa sahihi una faida kuliko picha kumi zisizo na tarehe. Wa kwangu wa mwisho unasema hivi: mwezi siku ya 16, saa kumi kasorobo, Shanzu, kusi hafifu, mama na mtoto, pumzi tisa, wakielekea kaskazini, mtoto upande wa nchi kavu.